Bwana Pumba Hakuwa na Mtani

Nilikuwa nimeshateremka mpaka kwenye migomba ya chini, njia yote imelowa, viatu nimevishika mkononi, na Mjomba Yohana bado ananipigia kelele kutoka juu.

"Usirudi bila yeye! Ignas! Unanisikia? Bila Swamadi usipande huku!"

Nikapunga mkono bila kugeuka. Ningegeuka ningeona turubai, na chini ya turubai wanawake wa msiba, na nyuma yao mlango wa nyumba alimolazwa dada yangu Modesta tangu jana mchana, kidevu kimefungwa kitambaa.

Kaburi lilikuwa linachimbwa. Padri alikuwa ameahidi kufika alasiri. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mtani.

Kama gazeti lilikupita wiki zilizopita, usihangaike, ni hivi. Mimi ndiye mzee niliyekuwa nawaandikia hadithi ya Bwana Pumba, yule mwenye mashine ya kusaga nafaka, mtu mwenye roho mbaya kuliko wote mjini. Mliipenda. Mliisoma kwa vinyozi, mliisoma kwenye foleni za maji. Ambacho sikuwaambia ni kwamba Bwana Pumba nilimchonga kutoka kwa mtu anayepumua: Abdulswamad wa Kihonda, tunayemwita Swamadi, mtani wangu tangu utotoni. Nilipowaandikia sehemu ya mwisho, Modesta alikuwa akihema kwa shida na Swamadi hapokei simu zangu.

Sasa Modesta hahemi tena. Na Swamadi simu haipatikani kabisa.

Huenda wewe unayesoma si mtu wa huku. Kwetu Uluguru mtu anazikwa na ukoo wa mama yake, lukolo tunauita, lakini ukoo haujiziki wenyewe. Lazima waje watani, watu wa ukoo ule mwingine ambao babu zetu walipigana nao mpaka wakachoka, wakapatana watukanane milele badala ya kupigana. Mtani ndiye anayevaa kanga ya marehemu na kutembea kama yeye. Ndiye anayeingia kaburini kwanza, akalala, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Watu wakicheka, jeneza linashuka. Wasipocheka, wazee wanasema marehemu kaondoka amenuna, na aliyenuna haendi mbali.

Swamadi ni Mwislamu, sisi ni Wakatoliki. Lukolo hauulizi hayo. Hata mama yangu alimzika hivyo.

Watani wengine wapo, wametawanyika kutoka Mkuyuni mpaka mjini. Lakini asubuhi ile walikuwa wameshatuma neno: Swamadi asipokuja, nasi hatuji.

Nao walikuwa wamesoma gazeti.

Niseme yalivyoanza, maana njiani kote ndiyo niliyokuwa nayawaza.

Anayepokea hadithi zangu gazetini ni binti mmoja, Winfrida, mkali kama pilipili. Sehemu za mwanzo alizisoma huku amekunja uso.

"Babu Ignas," akasema, "huyu mtu mbaya wako hatishi."

"Hatishi vipi? Amechoma nyumba ya yatima."

"Ndiyo, na hatishi. Anachoma kama mvua inavyonyesha. Hana anayempenda, na yeye hampendi mtu. Sasa nani atamwogopa mtu ambaye hayupo? Mpe mke. Mpe jambo zuri analolifanya kila siku. Msomaji atamani kukaa naye mezani, halafu ndiyo umwonyeshe kilichomo kwenye bakuli."

Shule mimi niliisoma vipande vipande, darasa hapa, darasa kule, mengine kwa masista, mengine kwa karani mlevi kwenye kambi ya mkonge. Lakini hilo nililielewa palepale. Nikaenda zangu nikatafuta mtu ambaye ningetamani kukaa naye mezani.

Sikwenda mbali. Nilikuwa nakaa naye kila jioni.

Nikampa Bwana Pumba kicheko cha Swamadi, kile kinachoanzia puani. Nikampa kikohozi chake cha vumbi la unga. Nikampa namna anavyommenyea mkewe chungwa, ganda lote linatoka refu kama utepe, halafu anamvalisha shingoni. Nikampa na kile kibakuli anachowaongezea wajane kwenye unga wao, akijifanya mkono umeteleza.

Juu ya wema wote huo nikaweka uovu wa kubuni mwenyewe: kwamba mashine aliipata kwa kumwekea mdogo wake sumu.

Sikuomba ruhusa. Kwetu mtani hamwombi mtani. Ukipita kwake ukaona kuku mnono unamkamata, mwenyewe anakutazama anatukana tu. Nilichukua kile kicheko kama ninavyochukua kuku.

Winfrida akasoma, akaweka karatasi chini, akasema, "Sasa naogopa."

Gazeti likaisha mitaani kabla ya saa nne. Na Kihonda nzima ikajua. Hakuna aliyemtambua Swamadi kwa ile sumu. Walimtambua kwa chungwa.

Siku ile ya msiba, nilipofika Bigwa chini ya mlima nilipata bodaboda, nikafika Kihonda nimeganda kwa baridi.

Mashine ya Swamadi kwa kawaida unaisikia kabla hujaiona. Siku ile niliiona kwanza. Mlango wazi, ukanda umelegea, hakuna ndoo hata moja imesimama nje. Mkewe, Mwajuma, alikuwa barazani anapeta mchele.

"Hodi hapa."

"Nani? Ooh, mwandishi." Hakuinua kichwa. "Pita. Angalia tu usikanyage hapo pembeni, ndipo tunapoanikia sumu."

"Shemeji..."

"Shemeji wa nani? Gazetini sikuwa shemeji yako. Nilikuwa mwanamke mjinga anayelishwa chungwa na muuaji."

"Mwajuma, nimekuja na jambo zito."

"Na sisi tunalo. Unajua watu wanamwuliza mume wangu Said alikufaje?"

Said alikuwa mdogo wake Swamadi. Alifia Ifakara, kwa ugonjwa wa ini, wakati mimi niko Geita natafuta dhahabu ambayo sikuipata. Nilipokuwa natunga yule mdogo wa Bwana Pumba, haki ya Mungu, Said hakunijia kichwani kabisa. Niliona tu kwamba mtu mbaya akimdhuru ndugu yake inauma zaidi.

"Jirani huyu hapa," Mwajuma akaendelea, ungo umesimama, "nilimpokelea mwanawe kwa mikono yangu hii. Sasa mahindi anapeleka kwa mashine ya kule barabarani. Anapita hapahapa mlangoni na ndoo kichwani. Nikamwuliza, mwenzangu vipi? Akanijibu, dada, mimi siamini hayo, lakini nyumbani kuna watoto wanakula."

"Yuko wapi Swamadi?"

"Ndani. Anafagia mashine isiyosaga."

Lazima mjue tunavyosalimiana sisi, mimi na Swamadi. Tangu tukiwa wadogo, akiniona tu: "Hujafa, Ignas?" Nami namjibu, "Nakungoja utangulie, nije nilale kaburini mwako nilipime." Basi hapo tumeamkiana. Umri tumepishana mwezi, labda na nusu, na hata nani mkubwa hatujawahi kukubaliana.

Akatoka na ufagio. Akaniona. Akauweka ufagio ukutani taratibu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mzee Ignas."

Mimi nimepigwa marungu machimboni. Nimelala chini ya lori Tunduma na mbwa wananizunguka. Havikuniuma hivyo.

"Swamadi, acha hayo."

"Karibu kiti. Mwajuma, mletee mzee maji."

"Nitukane basi!"

"Siwezi kumtukana mtu mzima."

Nikamsogelea mpaka kwenye mashine.

"Modesta amefariki."

Akakaa juu ya gunia tupu. Likatoa vumbi.

"Lini?"

"Jana mchana. Aliomba uji, haukushuka."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Akajipangusa uso. "Alikuwa ananiita mwizi wa kuku."

"Hata juzi amekutaja. Amesema, yule mwizi wa kuku haji kuniona?"

Nikaona bega lake linatikisika kidogo. Nikasema moyoni, huyo, anarudi.

"Utakuja?"

"Nitakuja. Msiba ni msiba."

Nikashusha pumzi.

"Nitakaa na wageni," akasema. "Nitatoa rambirambi yangu, nitaomba dua kimoyomoyo, nitaondoka."

"Na kaburini?"

"Kaburini anaingia mtani."

"Kwani wewe nani?"

Akakohoa. Kile kikohozi. Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji, hakukileta.

"Nilisoma yote," Swamadi akasema. "Huyu mama aliniambia, achana nayo. Nikamwambia niache, kuna mtu namtafuta humo. Sumu sikuijali. Mtu mbaya wa hadithi lazima atende ubaya, ama sivyo gazeti la nini? Kuchoma nyumba sikujali. Kila wiki nasoma nasema, sasa hivi atatokea. Yule mzee mchafu anayekuja jioni kula ugali wa mwenzake na kumtukana mwenye ugali. Lazima atatokea. Hakutokea."

"Ilikuwa hadithi tu, Swamadi."

"Bwana Pumba ana kicheko changu. Haya, nani anamchekesha? Mtu anacheka vile peke yake, na mashine? Ana mke wangu. Ana kikohozi changu. Ana na Said. Mtani hana. Umebeba nyumba yangu nzima, wewe mwenyewe ukajitoa, ukaenda kuchungulia dirishani na watu wa barabarani."

Nikautazama ule ukanda uliolegea.

"Na kusema kweli hapo ulipatia," akasema. "Mtu asiye na mtani anaweza kuweka sumu. Hana wa kumwambia mbele za watu kwamba ananuka. Hapo nakusifu, mzee."

"Niandike nini sasa? Niambie, nitaandika."

"Ukiniandika tena, weka jina langu. Na lako liweke. Tukae humo wote wawili, tuone aibu pamoja."

Ndiyo maana leo mnaona majina yetu, ndugu wasomaji. Sikuyatoa kwa kupenda.

Nikatoka nje nikampigia Winfrida.

"Mwanangu, dada yangu kafariki."

"Jamani babu! Pole sana. Pole."

"Sikia. Nataka gazeti liseme Bwana Pumba si mtu wa Kihonda."

Akaniuliza, "Babu, nani aliyesema gazetini kwamba ni wa Kihonda?"

"Hakuna."

"Basi. Mpaka leo watu wa Mazimbu wanaapa ni mwenye mashine wa Mazimbu. Kuna mtu kanipigia kutoka Kilosa, anasema anamjua hadi baiskeli yake. Ukikanusha Kihonda, wote hao unawaelekeza Kihonda."

"Basi afe. Wiki hii afe."

"Akifa watasema amelipwa, alistahili. Ndiyo yatakuwa mabaya zaidi kwa rafiki yako. Halafu, babu, nisamehe kukuambia siku kama ya leo, kwenye hadithi yako yote huyo ndiye mtu pekee aliye hai. Wengine mbao."

Nikamweleza aliyoyasema Swamadi, neno kwa neno, nikidhani labda ataingiwa na huruma. Nikamsikia anavuta kiti.

"Alisema hivyo? Kwamba nani anamchekesha?"

"Hivyo hivyo."

"Babu," akasema polepole, "hilo liandike."

Nikakata simu. Nilimchukia, nawaambia ukweli. Halafu nikajikuta nayarudia maneno ya Swamadi kwa mdomo, moja moja, yasije yakanitoka kabla sijapata kalamu, na dada yangu yuko ndani hajazikwa. Wale mnaoniandikia kuuliza mtu mbaya wa hadithi anatengenezwaje, mngepita Kihonda saa ile mngemwona amesimama barabarani na simu mkononi.

Tulipanda mlima watatu, Mwajuma nyuma, mimi katikati. Kila penye njia nyembamba Swamadi anasogea kando.

"Tangulia, mzee."

Zamani angenisukuma kwenye matope.

Tulipotokeza kwenye shamba la kabichi, Mjomba Yohana akatuona. Mjomba Yohana alizaliwa tumbo moja na mama yangu, ndiye mkubwa wa ukoo, kwa miaka hatupishani sana lakini ananiita mpwa na mimi namwita mjomba. Akasimama juu ya jiwe akapaza sauti.

"Fungeni mabanda! Mwizi wa kuku amefika!"

Pale chini ya turubai wanawake wakajiweka sawa. Kuna bibi alikuwa ameshaanza kucheka kabla ya neno lenyewe. Kila mtu anamngoja Swamadi afungue mdomo.

Swamadi akavua viatu. Akawapa mkono wazee mmoja mmoja.

"Poleni sana, wazee wangu. Mungu awape subira."

Akaenda akakaa kwenye benchi la wageni wa mbali.

Mnajua ukimya wa watu wengi? Nilisikia maharage yakichemka jikoni. Yule bibi kicheko kilimkauka usoni.

Mjomba Yohana akanivuta mpaka nyuma ya jiko.

"Umemfanya nini huyu?"

"Si nimemleta, mjomba."

"Nilikutuma mtani, umeniletea mgeni! Padri huyo anapanda. Mvua hiyo inakuja. Mtengeneze."

"Nimtengeneze vipi?"

"Wewe si ndiye mtunga maneno? Tunga."

Nikaenda kwenye benchi, nikachuchumaa mbele yake kama mtoto.

"Swamadi. Si kwa ajili yangu."

"Nimekuja, mzee. Nipo."

"Modesta akungoje mpaka lini?"

Akaviweka sawa viatu vyake chini ya benchi. Mwajuma akageuza uso, nikaona naye analia.

Padri akasali sala zote. Ni kijana wa hukuhuku, alipomaliza hakufunga kitabu, alingoja naye. Vijana wakaleta jeneza mpaka ukingoni. Wale bibi vikongwe wakaja wakakaa chini, kwenye udongo mbichi, kati ya jeneza na shimo, miguu wameinyoosha.

"Hashuki," mmoja akasema.

"Mama, mvua," Mjomba Yohana akamwambia.

"Imnyeshee. Modesta hashuki amenuna. Nyie mtakwenda zenu mjini, sisi ndio tutakaolala naye huku."

Matone yakaanza. Kwenye shimo maji yakaanza kutuama pembeni. Mtu akafunika jeneza kwa jani la mgomba, likateleza, akalirudisha. Dada yangu huyo, aliyenipikia kila niliporudi bila chochote, analowa mbele za watu, na anayeweza kumwondoa hapo amesimama na wageni, mikono mbele, mpole kama mtu wa ofisini.

Sijui nilichofikiri. Nadhani sikufikiri. Nilisikia mdomo wangu tu.

"We Pumba!"

Watu wote wakanigeukia.

"Bwana Pumba! Nakuita wewe! Umefuata wali tu huku? Umesimama hapo kama gunia lililotoboka, dada yangu ananyeshewa! Wanaokuogopa huko mjini wangekuona leo wangekupa mtoto umbebe!"

"Ignas!" Mwajuma akapiga kelele.

"Nisagie basi! Mwenye mashine mzima huna hata tusi moja la kusaga?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba Yohana alijishika kichwa. Mfiwa hatukani, mfiwa anatukanwa. Hata mtoto wa kwetu anajua. Nilikuwa nimefanya kazi isiyo yangu, mbele ya jeneza la dada yangu, tena kwa jina lile lile lililomfungia mtu mlango wa riziki.

Swamadi akaanza kuja. Polepole, anachagua pa kukanyaga. Nikasimama wima nimngoje. Nilitaka anipige. Nilitaka anitukane, lakini kama hawezi, basi anipige.

Akanipita.

Akaenda kwa wanawake, akanyoosha mkono, wakampa kanga ya Modesta. Akaifunga kifuani. Akalegeza nyonga ya kushoto, ile iliyokuwa ikimsumbua Modesta, akashika kiuno, akapaza sauti nyembamba:

"Nani kachukua chumvi yangu? Chumvi nimeiacha hapa! Yuliana, chumvi iko wapi? Nani kaonja mboga mara mbili?"

Yule bibi aliyekaukiwa kicheko chini ya turubai akaanguka ubavu kwa kucheka.

"Mchoyo wewe, Modesta!" Sasa ni sauti yake mwenyewe. "Umekufa na kijiko cha chumvi kwapani! Huko unakokwenda utawanyima malaika, watakurudisha hapahapa, na sisi hatukutaki!"

"Mwache dada yetu, mwizi wa kuku!" wanawake wakamjibu.

"Dada yenu kanikimbiza na mwiko kutoka hapa mpaka mtoni! Leo mwiko uko wapi? Simama unikimbize!" Sauti ikakatika kidogo hapo. Akaimeza. "Simama basi, Modesta."

Akateremka kaburini. Magoti yake mabovu, vijana wawili walimshika. Akajinyoosha kwenye yale maji ya matope, akaweka mikono chini ya kichwa.

"Pazuri hapa. Sitoki. Modesta atafute kwake."

"Toka!"

"Jogoo. Na si kifaranga, nawajua nyinyi, ukoo mzima mmerithi chumvi ya huyu."

Mjomba Yohana alikuja mbio na jogoo mwekundu, miguu imefungwa, akamtupa shimoni, jogoo akapiga mabawa usoni kwa Swamadi, na mlima wote ukacheka. Padri alicheka. Mwajuma alicheka amejifunika ushungi. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, machozi, kamasi, mvua, vyote pamoja. Bibi wale wakainuka wakajikung'uta, wakaacha njia.

Nikamnyooshea mkono. Akaushika, nikamvuta. Mgongo wote matope. Alipofika juu mdomo wake ukawa karibu na sikio langu.

"Modesta hakuniandika mahali," akasema. "Kazi yake nimemfanyia."

Kisha akafungua kanga, akaikunja, akaniwekea mikononi, akasema kwa sauti kila mtu asikie:

"Pole sana kwa msiba, Mzee Ignas."

Jeneza likashuka.

Yaliyofuata ni haya.

Modesta ana msalaba wa mbao. Mvua ilibomoa upande mmoja wa tuta, wamelirudishia.

Swamadi amefunga mashine. Mota imenunuliwa na mtu wa Dumila. Siku hizi anauza mkaa mbele ya nyumba yake, na wateja anao.

Mwajuma yuko naye. Yule jirani alikwenda kumwomba radhi, akapokelewa, akanywa chai. Mahindi bado anapeleka kule barabarani.

Winfrida amepewa ukurasa mzima. Anasema mnaniulizia sana.

Bwana Pumba yuko hai. Wasomaji wengi wanataka aoe mke wa pili. Hadithi yake wiki hizi anaiandika mtu mwingine, na ninaambiwa ameanza kumpa rafiki.

Mimi nimehamia Kingolwira, chumba kimoja karibu na stesheni. Treni zikipita nasikia kutaka kuondoka, lakini miguu haitaki.

Jogoo mwekundu Swamadi hakumchukua. Alimwacha amefungwa kwenye mgomba. Mtani kuacha kuku wake hakuna aliyewahi kuona, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumchinja. Mjomba Yohana anamlisha.

Mjomba Yohana mwenyewe alinipigia simu juzi. Anawapigia wazee wote wa ukoo, anataka kila mmoja aseme mapema atazikwa wapi na mtani wake ni nani, yasije yakatokea tena kama ya Modesta. La kuzikwa wapi nilimjibu haraka. La pili nimemwomba anipe muda.